Pigo Moja la Jemedari

Jina la Jemedari hakulipata jeshini. Jeshini asingemaliza hata siku mbili, maana kule ukiambiwa nyamaza, unanyamaza. Alipewa na wateja wake wa saluni kwa jinsi alivyokuwa akiwaamuru: inama, geuka, acha kulia, nani alikudanganya kwamba uzuri hauumi? Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mabega ya mbeba magunia, na vidole vilivyosuka kichwa kizima huku mdomo ukisuka mtaa mzima. Ukiingia kwake saa tatu asubuhi na nywele zako nyingi, unatoka saa nane mchana shingo imekauka, lakini nyumba zote za mtaa ule unazijua ndani na nje.

Na hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe, tusidanganyane. Wasusi wamejaa tele, kila kona yupo mmoja na kiti chake cha plastiki. Mtu akikubali kukaa saa tano akivutwa utosi, anataka asimuliwe kitu. Jemedari alifundishwa kazi na shangazi yake, na shangazi alimfundisha pia kwamba kisa ni kama nywele fupi, lazima uongezee rasta ndipo kisukike. Basi habari ikiingia saluni ikiwa kuku, ilitoka ng'ombe mwenye mimba. Wateja walijua na hawakulalamika. Wengine walirudi kusikiliza kisa kilekile ili tu waone leo kimefika wapi.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi saa, mtu wa maneno kumi kwa siku, manane kati ya hayo ni "ndiyo". Jemedari alipenda kutamba mbele ya wageni kwamba yeye haogopi mtu wala jini. Mume wake hakuinua hata macho kwenye saa aliyokuwa akiifungua. "Ndiyo," alisema, "hata mimi namwogopa."

Sasa sikia yaliyomkuta.

Jumatatu moja alikuja mke wa dereva wa lori. Akavua kitambaa, akasema kata zote, bakiza unene wa ukucha. Nywele zake, kichwa chake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu alikuwa ameamua kuzipunguza. Jemedari akakata, akamsifu, akamsimulia kisa cha jirani mmoja na mbuzi, basi.

Jumanne asubuhi, saluni imefunguliwa sasa hivi, mteja hata mmoja hajafika, Jemedari anapanga taulo. Akaingia Dereva mwenyewe. Hakusalimia. Alisukuma mlango, akatia komeo, akamfuata mpaka kwenye sinki la kuoshea nywele, akamkaba koo kwa mkono mmoja na kumlaza kinyumenyume, kisogo kikaingia ndani ya sinki. Akamuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza bei: "Umemkata nywele zote. Sasa mimi nitamshika wapi?"

Jemedari hakujibu, koo halikuwa lake. Mkono wake ulipapasa rafu, ukakuta kile kichwa cha mbao cha kuvalishia wigi, urithi wa shangazi, mti mgumu ambao mchwa walishaujaribu wakakata tamaa. Akafumba macho, akapiga. Mara moja. Kichwa cha mbao kikakutana na taya la Dereva, meno matatu yakaaga, Dereva akaangukia ukingo wa sinki na mtulinga ukavunjika. Wigi likaruka likatua juu ya draya. Dereva akainuka kwa magoti, akajikokota hadi mlangoni, akafungua komeo, akaondoka zake akiwa ameshika bega.

Basi. Ndiyo vita yote hiyo, haikumaliza hata dakika mbili.

Lakini nenda ukamwambie hivyo mteja aliyekaa kitini! Mteja wa kwanza alifika saa nne, akakuta damu sakafuni na meno ya mtu karibu na ndoo, akashika mdomo. "Jemedari, kumetokea nini?" Na Jemedari, ambaye shingo yake ilikuwa imefungwa kitambaa cha maua mtu asiione, alivuta pumzi, na mdomo ukatangulia mbele ya akili kama kawaida yake. Siku hiyo alimpiga Dereva mara mbili. Kufika Ijumaa zilikuwa mara nne. Wiki ya pili alimtoa nje kwa mateke, akamkimbiza hadi kwenye meza ya fundi viatu kule kona, akampiga tena, jumla mapigo saba, Dereva akapiga magoti akalia, "Nisamehe, mama yangu!" Na lile swali la "nitamshika wapi" lilikuwa ndilo tamu kuliko yote. Akilitaja, saluni nzima inaanguka kwa kicheko, wengine wanajifuta machozi kwa taulo. Wanawake walitoka mitaa ya mbali kuja kusukwa na yule aliyepiga dume mara saba.

Dereva alikuwa hospitali, taya limefungwa waya, hawezi kutukana. Alipofunguliwa, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda polisi. Akaeleza kwamba alikwenda saluni kulalamika kwa ustaarabu, akashambuliwa, akakimbia kuokoa roho yake, akafukuzwa na kupigwa barabarani. Polisi wakauliza mtaani. Na mtaa, kwa mapenzi yote uliyokuwa nayo kwa Jemedari wao, ukajibu: "Kweli kabisa! Alimfukuza! Mara saba!"

Jemedari akashtakiwa kwa kujeruhi.

Wakili wake alikuwa binti ambaye Jemedari alimsuka tangu yuko darasa la kwanza, sasa ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la fotokopi. Alikuwa amesukwa mistari mizuri sana, na Jemedari alianza kwa kuikagua. "Hii ya pembeni imelegea. Nani kakusuka?"

"Mama, kaa chini. Ni wewe." Wakili akafungua faili. "Nisikilize vizuri. Sheria haina ugomvi na pigo la kwanza. Mtu kafunga mlango, kakukaba, huna pa kukimbilia, wewe piga. Hakuna atakayekwambia ulipaswa kulipima pigo kwenye mizani wakati pumzi imekatika. Ila ile ruhusa inadumu hatari ikiwepo tu. Hatari ikiisha, nayo imekwisha palepale. Mtu akishageuka anaondoka, ukamfuata ukampiga barabarani, hapo hujikingi tena. Hapo unalipiza, na kulipiza kuna kifungo. Miaka, mama, siyo siku."

Jemedari akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba anaambiwa habari za mtu mwingine.

"Sasa niambie mimi. Ulimpiga mara ngapi?"

Jemedari alitazama dirishani. Chini mashine ya fotokopi ilikuwa ikikohoa. "Moja," alisema.

"Mama, mimi mwenyewe nimekusikia ukisema saba. Nilikuwa kwenye kiti chako."

"Moja, mwanangu. Hizo nyingine ni za wateja."

Wakili aliweka kalamu mezani. Akamsomea maelezo ya mashahidi wa upande wa mashtaka. Wa kwanza, fundi viatu wa kona, aliyeona kila kitu kwa macho yake mawili. Wa pili, muuza vitambaa, shoga yake Jemedari wa miaka ishirini, aliyekwenda polisi bila kuitwa, amevaa vizuri, ili kumtetea. Alikuwa ametetea kurasa tatu.

"Shoga yangu alitaka kunisaidia," Jemedari alisema.

"Amekusaidia mpaka mlango wa gereza. Na usiende kuzungumza nao, tafadhali. Hao ni mashahidi, utajitafutia kesi ya pili."

Ukimkataza Jemedari jambo, umemwonyesha njia. Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwa fundi viatu, akamkuta anashona soli. "Wewe mzee, uliniona lini mimi nikimkimbiza mtu?"

Fundi viatu alikasirika kweli, siyo utani. "Unaniita mwongo? Mlipita hapa, mbele yangu! Ukaikanyaga sufuria yangu ya gundi!"

"Hujawahi kuwa na sufuria ya gundi tangu uzaliwe. Unatumia kopo."

"Basi ulikanyaga kopo."

Jemedari alimtazama yule mzee akaona hadanganyi. Alikuwa amekisikia kisa kile mara nyingi, na ndani ya kisa kulikuwa na meza yake, tena mahali pa heshima, pale ambapo Dereva alipiga magoti. Watu walikuja kuitazama ile meza. Kidogo kidogo akaanza kukumbuka, na sasa angeapa kwa kitabu chochote utakachomletea. Lo! Mdomo uliponza kichwa, wahenga walishasema, na Jemedari siku zote alidhani walikuwa wanawasema watu wengine. Akarudi nyumbani bila kupitia kwa mtu.

Hofu yenyewe haikuwa ya jela peke yake. Wakili alikuwa amemweleza kinachotakiwa: asimame kizimbani aseme kweli yote, aseme aliogopa, aseme aliogopa kiasi gani. Bila hofu hakuna kujikinga, unabaki ugomvi tu. Na wateja walishaapa kujaa mahakamani. Wengine walikuwa wamepanga zamu za kusukwa ili siku hiyo wapendeze. Wangekuja kumwona Jemedari, na yeye aende pale kuwaambia kwamba Jemedari hayupo na hajawahi kuwepo? Afadhali miaka miwili, aliwaza. Halafu akawaza chakula cha jela, akaghairi, halafu akawaza sura za wateja, akaghairi tena. Mara tatu alimwambia wakili, "Tusemeje ili nisiseme?" na mara tatu wakili alimjibu kwamba hakuna njia hiyo.

Asubuhi ya kesi, mume wake alimwekea chai, akakaa mbele yake. Kwa kawaida muda huo angekuwa ameshaweka kioo chake jichoni. "Siku ile ulirudi gauni limelowa," alisema. "Ukalificha chini ya kitanda. Nililitoa nikalifua. Shingo yako ilikuwa na vidole vinne upande mmoja, na kimoja upande mwingine, mpaka ikapona. Mimi nimeoa mtu anayeogopa, sijaona hasara yoyote. Waambie."

Maneno yote hayo, kabla ya saa mbili asubuhi! Jemedari akanywa chai ikiwa moto vilevile akaunguza ulimi.

Mahakama ilijaa. Mabenchi yalikuwa bustani ya misuko: mistari, vitunguu, mapindo, kazi ya mkono mmoja. Dereva alikaa mbele, ana pengo la kupitisha kidole. Daktari alitangulia, akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba taya lilipigwa mara moja na kitu kigumu, na mtulinga ulivunjika kwa kuanguka. Hakuulizwa mengi. Kisha akaja fundi viatu, akaapa, akasimulia kwa raha. Wakili akamuuliza fundi, mshtakiwa alikuwa amevaa nini wakati akimfukuza mlalamikaji.

"Vazi la vita," alisema fundi viatu.

Hata karani alicheka. Mheshimiwa Hakimu, mwanamke mwenye miwani iliyokuwa haitulii puani, aligonga meza. Akaitwa muuza vitambaa. Wakili akamuuliza kama aliona tukio. Hakuona, alikuwa dukani kwake. Alijuaje basi? Alisimuliwa. Na nani? Na Jemedari mwenyewe.

"Na ulimwamini?"

Muuza vitambaa akamtazama shoga yake kizimbani, akatazama chini, akavuta ukingo wa mtandio. "Mheshimiwa," alisema, "Jemedari haaminiwi. Anasikilizwa."

Ilimchoma Jemedari kuliko hati yenyewe ya mashtaka.

Zamu yake ilipofika alisimama. Mabenchi yakanyooka, yakatabasamu, yakangoja. Mdomo ukaanza kuwasha. Alizisikia zile sentensi tamu zikipanga foleni nyuma ya meno, na alijua kabisa kwamba akianza na ile ya mateke ukumbi utapasuka kwa kicheko. Akashika ukingo wa kizimba.

"Mkono wake ulikuwa hapa," alisema, akagusa koo. "Wa kulia."

Akaendelea hivyo hivyo, kipande kwa kipande. Komeo. Sinki. Kisogo kilivyoguswa na maji ya baridi yaliyobaki mle ndani. Alivyojaribu kuita na sauti ikakataa. Alipofika kwenye yale maneno ya Dereva, aliyasema kama yalivyosemwa, kwa sauti ya chini: "Umemkata nywele zote. Sasa mimi nitamshika wapi?" Miezi mitatu aliyasema maneno yale watu wakafa kwa kicheko. Sasa aliinua macho, na hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja benchi la tatu alikuwa ameweka mkono juu ya nywele zake mwenyewe.

"Nikapiga mara moja. Nilikuwa nimefumba macho. Sikujua hata nimempata wapi."

Mwendesha mashtaka alisimama, mwanamume nadhifu wa tai nyekundu. "Halafu ukamfuata nje."

"Ningemfuata kwa miguu ya nani? Hii yangu iligoma. Alipotoka nilikaa chini ya sinki. Nilikaa mpaka mteja alipobisha hodi, maana nilidhani anarudi." Akamgeukia Hakimu. "Nilikuwa nimejikojolea, Mheshimiwa. Nilipobishiwa hodi, nikajimwagia maji ya ndoo gauni zima, ili ionekane nilikuwa naosha sakafu."

Jemedari hakutazama mabenchi. Alimtafuta mume wake, akamwona amekaa pembeni, kofia mapajani, anaitikia kwa kichwa.

"Mtaa mzima unasema mapigo saba," mwendesha mashtaka alisema. "Wewe mwenyewe ulisema saba. Kwa nini leo tukuamini moja?"

"Kwa sababu saba zinaniletea wateja na moja inaniletea aibu," Jemedari alisema. "Nani atakaa saa tano kusikiliza mwanamke aliyejikojolea? Ningekuwa nadanganya leo, baba, ningechagua uongo mzuri kuliko huu. Nina uzoefu."

Hakimu aliinamisha uso kwenye makaratasi, miwani ikateleza, na hakuirudisha mpaka baada ya muda.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Mahakama iliona kwamba taya ni moja na lilipigwa mara moja, kama daktari alivyosema. Kwamba mtu aliyekabwa nyuma ya mlango uliofungwa ana haki ya kujiokoa kwa kilicho karibu, hata kama ni kichwa cha mbao. Kwamba hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mtu yeyote alimfukuza mtu yeyote. Kuhusu porojo za saluni, Hakimu alimwonya mshtakiwa kwa ukali, akasema karibu zimpeleke gerezani pasipo msaada wa adui. Akamwachia huru.

Hapo ndipo watu wangepiga vigelegele. Walipiga wawili watatu, vikazima. Muuza vitambaa alimkumbatia nje ya mahakama, akalia, akasema, "Ungeniambia mimi, shoga. Mimi tu." Kurudi saluni, Jemedari akakuta viti vitupu. Mmoja alikuja kusukwa akakaa kimya saa nne nzima, hakuuliza kitu, hakuambiwa kitu, wote wawili wakawa kama wamefiwa. Wengine walihamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, kisichana chenye spika kubwa. Fundi viatu aliacha kumsalimia, maana meza yake ilikuwa imerudi kuwa meza. Jemedari alichukia kila kitu: sheria, wakili, kweli yenyewe. Alimwambia mume wake kwamba angejua, angebaki na mapigo yake saba akafungwa nayo. Mume akasema, "Ndiyo," akaendelea na saa yake.

Alhamisi moja mchana, jua kali, aliingia mke wa Dereva. Kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Kiti cha kusukia hakukigusa, alikaa kwenye benchi la wanaosubiri ingawa hakukuwa na wa kumsubiri.

"Karibu, mama. Tunafanya nini leo?"

"Sijaja kwa ajili ya nywele." Alizungusha pete kidoleni. "Nilikuwepo siku ile mahakamani. Nyuma kabisa, karibu na mlango. Yeye hajui."

Jemedari akaweka chini kitana.

"Nimeshakwenda polisi mara tatu," mwanamke alisema. "Nafika pale dirishani, askari ananiuliza, mama, shida yako nini? Nasema nimepotea njia. Ananielekeza, nashukuru, narudi nyumbani. Mara ya tatu alinitambua, akaniambia wewe mama, mbona mji huu hauujui?" Alicheka kidogo, na kicheko kikakatika. "Nikakusikia wewe unasema, mbele ya watu wote wale. Sasa nataka unifundishe. Ulianzaje? Lile neno la kwanza kabisa."

Zamani Jemedari angekuwa na majibu kumi, yote matamu. Alimtazama yule mwanamke, na hasira ikampanda, si juu yake, juu ya kile kicheko cha saluni cha miezi mitatu, na juu ya ile Jumatatu aliyomkata nywele akimsimulia habari za mbuzi.

"Nilianza na mkono wake," alisema. "Mkono ulipokuwa. Ukishasema hapo, yanayobaki yanafuata yenyewe."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akichezesha midomo bila sauti, kama mwanafunzi anayekariri. Kisha akasita.

"Na kama ilikuwa yote miwili?"

"Anza na wa kulia," alisema Jemedari. Akavua aproni, akaanza kutafuta funguo za mlango. "Twende, nitasimama na wewe pale dirishani."